Mikimbio 111 ya Harare: timu yetu ya kriketi ilifeli au ilipanda?

Tarehe 2 Oktoba 2025, mjini Harare, Tanzania ilibakiwa na mechi moja tu kuingia Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita). Ilikuwa nusu fainali ya kanda ya Afrika, na washindi wa nusu fainali zote mbili walikuwa wanakata tiketi ya India na Sri Lanka 2026. Namibia walianza kupiga, wakapata mikimbio 174, maana mikimbio ndiyo magoli ya kriketi, kwa kupoteza wiketi 6, yaani wapigaji sita wakiwa wametolewa. Tanzania ikajibu kwa mikimbio 111, wiketi 8 zikiwa zimeanguka. Tukafungwa kwa mikimbio 63. Namibia wakafuzu, na Zimbabwe, waliowatoa Kenya katika nusu fainali ya pili, wakafuzu nao.

Hapa Tanga neno hilo halijapoa. Mji huu ni wa soka, hilo halina ubishi. Mtoto wa Ngamiani huzaliwa akiwa wa Coastal Union au wa African Sports kabla hajajua jina la babu yake. Lakini kriketi nayo ina watu wake: wazee walioicheza enzi za klabu, wafanyabiashara ambao redio zao zilikuwa hazizimwi siku India inapocheza, na vijana waliofundishwa shuleni miaka ya karibuni ambao sasa wanafuatilia kila mpira kwa simu. Wakikutana kwenye kahawa, mabishano huenda hivi:

"Mgosi, ukipigwa sitini na tatu umepigwa. Tusitafutiane visingizio."

"Umepigwa na nani lakini, mwanangu? Hilo ndilo la kuuliza kwanza."

Wote wawili wameshika karatasi ile ile ya matokeo. Mmoja anaiona aibu, mwingine anaona timu iliyofika nne bora za mchujo wa Afrika huku Uganda, walioshiriki Kombe la Dunia la 2024, wakiishia njiani. Msimamo wangu nitausema, ila kwanza tufungue mafundo, maana mabishano mengi ya kriketi yanakwama kwa sababu kila mtu anaishika takwimu moja na kuiachia nyingine.

Mipira 120, wiketi 10

Katika mchezo wa ova 20 kila timu inapewa vitu viwili vya kutumia: mipira 120 na wiketi 10. Kosa la kwanza la wachambuzi wetu wa kijiweni ni kuhesabu kimoja tu. Ukisikia "hawakutolewa wote" likisemwa kama sifa, simama hapo. Wiketi ni kama mafuta ya bodaboda iliyombeba abiria anayewahi basi Muheza: dereva akifika na nusu tangi huku basi limeshaondoka, mafuta yaliyobaki hayamsaidii abiria yule. Kumaliza ova 20 ukiwa na wiketi mbili mkononi na mikimbio 63 pungufu ni hali hiyo hiyo.

Katika mechi ya mtoano hakuna tofauti kati ya kufungwa kwa mikimbio 63 na kufungwa kwa 90. Timu iliyotolewa yote kwa ova 15 ikijaribu kushinda, na timu iliyomaliza ova 20 kwa utulivu, zote zinapanda ndege moja kurudi nyumbani. Sisemi kwamba wapigaji wetu walicheza kwa woga. Wiketi zikianguka mapema, anayefuata hulazimika kutuliza mambo, na mrushaji mzuri huweza kukufanya uonekane mwoga hata kama moyo unataka kupiga. Ninachosema ni kwamba "tulimaliza ova zote" si hoja ya kuitetea timu katika nusu fainali.

Wazee wanaoitoa hoja hiyo wana asili nayo. Walikulia katika kriketi nyingine. Mwaka 1975, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wakati huo kila timu ilipiga ova 60. Dhidi ya Nyuzilandi, ambao Glenn Turner wao alipata mikimbio 171 bila kutolewa, Afrika Mashariki walifikisha 128 kwa wiketi 8 wakamaliza ova zote 60, na watu wengi waliona wamejitutumua. Walifungwa mechi zote tatu, lakini kusimama muda mrefu mbele ya wakubwa kulikuwa heshima. Leo 128 kwa ova 60 ni kitu ambacho timu nzuri hukipata kwa ova 14.

Mfano wa Gavaskar

Ukitaka kuona jinsi takwimu moja inavyoweza kumsifu mtu aliyeiponza timu, nenda kwenye siku ya kwanza kabisa ya mashindano hayo hayo, tarehe 7 Juni 1975, uwanja wa Lord's. Uingereza waliweka 334. Sunil Gavaskar, mmoja wa wapigaji wakubwa kuliko wote waliowahi kutoka India, alifungua upigaji wa timu yake na kubaki mpaka ova ya 60 bila kutolewa. Mikimbio yake: 36. Mipira aliyokula: 174. India wakamaliza na 132 kwa wiketi 3, wakafungwa kwa mikimbio 202.

Sasa weka takwimu mbili kando kando. Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawa mikimbio yake yote kwa idadi ya mara alizotolewa. Kwa kuwa Gavaskar hakutolewa, mikimbio ile 36 iliongezwa juu bila chochote kuongezwa chini, hivyo wastani wake ukapanda. Kasi ya upigaji, yaani mikimbio kwa kila mipira 100, inasema kitu kingine kabisa: takribani 21. Alikula mipira 174 kati ya 360 ya timu nzima.

Kila mara naposikia mtu anasema fulani ndiye bora wa timu yetu kwa sababu ana wastani mkubwa, nakumbuka mechi hiyo. Katika ova 20, mpigaji mwenye wastani wa 22 anayepiga kwa kasi ya 140 mara nyingi ana faida kuliko mwenye wastani wa 35 na kasi ya 95. Wa pili anabaki, lakini anawaachia wenzake mlima mwishoni. Na kwa mrushaji ni hivyo hivyo: wiketi tatu kwa mikimbio 45 katika ova nne huonekana nzuri kwenye kichwa cha habari, ila timu iliyompiga 45 kwenye mipira 24 imeshapata robo ya mikimbio inayotakiwa kushinda mechi kubwa. Ubahili wa mrushaji, mikimbio anayotoa kwa kila ova, uangaliwe pamoja na wiketi zake, wala usiachwe nyuma.

Dhidi ya nani?

Hapa ndipo mzee wa kahawani ana haki kuliko kijana, na ndipo pia takwimu zetu za Tanzania zinapopotosha zaidi.

Tangu mwanzo wa 2019, Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, linahesabu kila mechi ya ova 20 kati ya timu za taifa za wanachama wake kuwa mechi rasmi ya kimataifa. Ni uamuzi mzuri, umetupa nafasi ya kuonekana. Lakini umechanganya kwenye daftari moja mechi zisizolingana hata kidogo. Septemba 2024 Tanzania iliandaa mchujo wa kanda jijini Dar es Salaam, na wageni walikuwa Malawi, Ghana, Cameroon, Lesotho na Mali. Tukafuzu kwenda hatua iliyofuata pamoja na Malawi. Mikimbio na wiketi za wiki ile zinakaa kwenye rekodi ya mchezaji sawasawa na zile za Harare, ambako kwenye kundi letu tu Zimbabwe walivuka 200, Brian Bennett akapata 111 peke yake, na tukafungwa kwa zaidi ya mikimbio 100.

Mfano wa wazi zaidi ni wa dada zetu. Juni 2019, mjini Kigali, Tanzania ilipata mikimbio 285 kwa wiketi 1 dhidi ya Mali, Fatuma Kibasu akiwa na 108 bila kutolewa, kisha Mali wakatolewa wote kwa 17. Siku mbili kabla, Uganda walikuwa wameshawapiga Mali hao hao 314 kwa wiketi 2. Kupata mikimbio 100 katika mechi ya kimataifa ni kazi ya mpigaji wa kweli, na Kibasu ni wa kweli. Hakuna anayemnyima haki yake. Ila ukichukua mechi ile ukaichanganya na mechi dhidi ya Zimbabwe, kisha ukagawa, wastani unaoupata hauielezi mechi yoyote kati ya hizo mbili. Bora kutenganisha: takwimu dhidi ya timu zilizo juu yetu kwenye safu moja, na dhidi ya zilizo chini yetu kwenye safu nyingine. Kazi ya dakika kumi kwa mwenye simu na kalamu, na mabishano mengi yangekwisha.

Jambo hili ndilo linajibu pia swali ambalo vijana huuliza kwa uchungu: mbona tunashinda mfululizo na kwenye orodha ya ubora hatupandi? Orodha ya ICC haihesabu ushindi tu, inampima uliyemshinda. Viwango vya timu mbili vikikaribiana, pengo likiwa chini ya 40, mshindi hupewa kiwango cha mpinzani wake pamoja na 50, na aliyeshindwa hupewa kiwango cha mpinzani toa 50. Pengo likifika 40 au zaidi, hesabu inabadilika. Timu kubwa ikishinda inapata kiwango chake yenyewe na 10 tu juu yake. Ikifungwa inapata kiwango chake toa 90. Timu ndogo ikishinda inapata kiwango chake na 90; ikifungwa inapoteza 10 tu. Kisha alama zote hugawanywa kwa idadi ya mechi, na mechi za karibuni zikipewa uzito zaidi ya zile za zamani.

Tuchukue namba za mfano. Timu yenye kiwango cha 150 ikimfunga mwenye 20, mechi ile inaingia kama 160. Mara kumi za ushindi wa aina hiyo hazitaifikisha mbali. Ikijikwaa mara moja, inaingia kama 60. Lakini timu hiyo hiyo ya 150 ikienda kwa mwenye 200 na kufungwa, mechi inaingia kama 140, na ikishinda inaingia kama 240. Kwa hesabu hiyo, kumkimbia mkubwa ndiyo hasara. Kufungwa na Zimbabwe kunatugharimu kidogo sana kwenye orodha, na kunatufundisha mengi kuliko kushinda mara tano nyumbani.

Uganda ni shahidi wa jambo hili kwa pande zote mbili. Novemba 2023, Windhoek, waliwafunga Zimbabwe kwa wiketi 5, yaani walifikia lengo wakiwa bado na wiketi tano mkononi, wakaenda Kombe la Dunia na Zimbabwe wakabaki nyumbani. Juni 2024 walicheza kwenye uwanja wa Providence, Guyana. Tarehe 5 waliwashinda Papua New Guinea, wakipata ushindi wao wa kwanza kwenye Kombe la Dunia, na Frank Nsubuga akarusha ova nne akitoa mikimbio 4 tu. Tarehe 8, uwanja ule ule, wakatolewa wote kwa 39 na West Indies, sawa na idadi ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo wakati huo. Timu ile ile, siku tatu tu katikati. Aliyetazama mechi moja bila nyingine hakuijua Uganda.

Hesabu za makundi

Fundo jingine ni tofauti ya kasi ya mikimbio, inayotenganisha timu zenye alama sawa kwenye kundi, ambayo wengi huichukulia kama tofauti ya magoli ya soka na kuishia hapo. Unachukua mikimbio yako, unagawa kwa ova ulizocheza, unatoa mikimbio ya mpinzani iliyogawanywa kwa ova zake. Kwa mechi ya Namibia: 174 kwa 20 ni 8.70, sisi 111 kwa 20 ni 5.55, kwa hiyo hasi 3.15. Cha kukumbuka ni kwamba timu ikitolewa yote kwa ova 14, inagawiwa kwa ova 20 kamili, si 14. Kwa hiyo kutolewa wote kunaadhibiwa, na kulifikia lengo dogo haraka kunazawadiwa sana.

Hata timu za juu hukosea hapa. Tarehe 5 Septemba 2023 mjini Lahore, kwenye Kombe la Asia la ova 50, Afghanistan walitakiwa kufikia 292 dhidi ya Sri Lanka ndani ya ova 37 na mpira mmoja ili wasonge mbele. Mpira ule ulipopita wakiwa na 289, wachezaji waliamini mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha: sita moja ndani ya mipira mitatu iliyofuata ingewafikisha 295 na kuwavusha. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Mpigaji wa mwisho akazuia mipira miwili, wa tatu akatolewa, huku Rashid Khan, mtu wa kupiga sita, akiwa amesimama upande wa pili. Walifungwa kwa mikimbio 2. Timu yoyote inayokwenda kwenye mchujo, yetu ikiwemo, inahitaji mtu kwenye benchi mwenye hesabu hizi mkononi mpira kwa mpira.

Daftari la alama

Sasa turudi Harare, kwenye lile 111, maana kuna suluhisho moja linalosemwa sana hapa mjini: "wangekimbia moja moja tu, tungeshinda."

Fungua daftari la mwandishi wa alama. Kila ova ina kisanduku chake, na ndani yake alama sita. Nukta ni mpira mkavu, haukuzaa kitu. Moja ni mkimbio mmoja. Nne ni mpira uliofika mpakani ukibingirika, sita ni uliovuka mpaka hewani, na W ni wiketi. Ova iliyoandikwa nukta, moja, nukta, nne, nukta, moja ina mikimbio sita. Ova yenye moja sita mfululizo nayo ina sita. Kwa jumla ni sawa, lakini katika ya kwanza mrushaji amemshinda mpigaji mara tatu, na mipira mikavu ikifuatana ndiyo inayomtia mtu papara akapiga hewani na kutolewa. Hadi hapo hoja ya "moja moja" ina nguvu.

Lakini ifanyie hesabu. Kushinda kulihitaji 175, yaani 64 zaidi ya tulizopata. Tuseme wapigaji wetu wangegeuza mipira mikavu 20 kuwa mkimbio mmoja mmoja. Tungefika 131, na bado tungefungwa kwa 43. Pengo lile halizibwi kwa kukimbia moja moja peke yake. Kwa Namibia, Gerhard Erasmus alipata 55 na JJ Smit 61 bila kutolewa; wawili hao peke yao wana 116, zaidi ya timu yetu nzima. Tunachokosa ni wapigaji wa kuvusha mpira mpakani mara kwa mara mbele ya warushaji wa kiwango hicho, hasa ova sita za mwanzo, ambapo wadakaji wawili tu ndio wanaoruhusiwa kukaa mbali, na ova tano za mwisho.

Kuna mambo ambayo karatasi haiandiki. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira husafiri kuliko hapa kwetu pwani. Kijana aliyejifunzia kwenye mkeka uliotandikwa juu ya zege amezoea mpira unaodunda kwa namna moja, na kwenye nyasi za kweli hukutana na mpira unaobadilika kadiri mechi inavyoendelea. Na mdakaji anayezuia mikimbio miwili mpakani hapati alama yoyote kwenye daftari, ingawa mechi nyingi huamuliwa na watu kama yeye.

Kwa hiyo Tanzania ilifeli au ilipanda? Nasema ilipanda, na nasema hivyo nikijua 63 ni nyingi. Namibia waliotufunga walikuwa wameshawahi kuwapiga Sri Lanka kwa mikimbio 55 kwenye Kombe la Dunia la 2022. Siku tisa baada ya kutufunga, tarehe 11 Oktoba 2025, waliwafunga Afrika Kusini mjini Windhoek kwa mpira wa mwisho. Hiyo ndiyo timu iliyotuzuia. Wanaotaka nahodha na kocha wafukuzwe kwa mechi ile wanatibu mahali pasipouma. Panapouma ni idadi ndogo ya mechi dhidi ya timu za aina hiyo. Wachezaji wetu wanakutana na warushaji wa kasi ya juu kwenye mchujo wenyewe, siku ambayo kosa haliwezi kurekebishwa. Ziara mbili kwa mwaka kwenda Windhoek, Harare au Kampala zingefanya kazi kuliko mabadiliko yoyote ya kikosi, hata tukifungwa zote.

Kombe la Dunia linalofuata la ova 20 ni la 2028, Australia na Nyuzilandi, na mchujo wa Afrika huenda ukatukutanisha tena na timu za kiwango hicho. Mimi kipimo changu kabla ya hapo ni kimoja: mikimbio 150 dhidi ya Namibia au Zimbabwe, wawe wametufunga au hawajatufunga. Ni 7.50 kwa ova, karibu mbili zaidi kwa kila ova kuliko siku ile ya Oktoba.